Kuunga Postgres ya klaudi bila kuianika

Wakuu, kama databesi yako ya Postgres iko klaudi, kwanza kabisa ingia kwenye fayawoli uangalie kama kuna 0.0.0.0/0, ukiikuta futa, maana hapo dunia nzima inaweza kugonga poti 5432, yaani mlango wa Postgres. Mimi niliwahi kuiacha hivyo wiki nzima eti natesti tu, kuja kufungua logi nakuta watu wamejaribu paswedi usiku kucha, jasho likanitoka.

Databesi isiwe na IP ya nje, pitia seva ndogo ya katikati kwa SSH (njia salama ya kuingia seva ya mbali):

ssh -N -L 5433:db.ndani:5432 fundi@seva

Hapo db.ndani ni anwani ya databesi, fundi ni yuza wako kwenye seva ya katikati, na ukigonga 5433 kwenye laptopu yako unatokea kwenye databesi. Sasa sslmode, ile setingi ya usimbaji unapounga databesi, wengi wanaweka require wanalala, kumbe hiyo inaficha tu mazungumzo njiani, haikuhakikishii kwamba unaongea na seva yenyewe, weka verify-full na sslrootcert ielekeze kwenye faili la cheti uliloshusha kwa mwenye klaudi. Kwenye maelezo ya kuunga ukiandika host=localhost itagoma, jina halilingani na cheti, dawa yake hii:

host=db.ndani hostaddr=127.0.0.1 port=5433

Na app isitumie yuza wa postgres, yule mwenye mamlaka makubwa, jamani, itengenezee wake, ipe SELECT, INSERT na UPDATE basi.