Takwimu huria Jiji la Arusha: anzia masijala, si kwenye tovuti

Halmashauri nyingi zikisikia "takwimu huria", yaani takwimu zinazowekwa wazi ili yeyote azitumie, huwaza tovuti kwanza: nembo, ramani za rangi, siku ya uzinduzi, mgeni rasmi. Mwaka ukipita tovuti bado ipo, na takwimu zilizomo ni zile zile alizooneshwa mgeni rasmi. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Nimeuandika kwa ajili ya Jiji la Arusha, ila mwenzangu wa Manispaa ya Moshi atabadilisha majina ya kata tu.

Hatua ya 1: Nenda masijala

Omba rejesta ya barua zinazoingia, upitie za robo mbili zilizopita. Nani aliomba taarifa, na taarifa gani? Kisha zungumza na wenzako wa dirisha la leseni za biashara. Wao wanajua swali linalorudi kila asubuhi. Chagua maswali mawili, yasizidi matatu. Ningeanza na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) pamoja na vizimba vya masoko kama Kilombero na Soko Kuu. Watu wanavifuatilia kweli, na kumbukumbu zake ni za halmashauri yenyewe. Barabara ni za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), maji ni ya AUWSA (mamlaka ya maji ya Arusha). Ukianza na hayo utaishia kuandikiana barua.

Hatua ya 2: Mtafute anayejaza

Simaanishi mkuu wa divisheni. Namaanisha yule anayeingiza namba kwa mkono wake. Anaandika kwenye daftari, Excel au mfumo? Kila lini? Chota kutoka kile anachojaza tayari. Ukimletea fomu mpya ataijaza mwezi wa kwanza kwa heshima yako, basi.

Hatua ya 3: Andika dokezo

Kurasa mbili kwa Mkurugenzi zinatosha. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa, na ofisi ina siku 30 za kumjibu. Hoja yako iwe hii: taarifa iliyokwishawekwa hadharani inapunguza barua za kujibu. Hoja hiyo huingia ofisini haraka kuliko hotuba ya uwazi. Mwanasheria na Kitengo cha Mawasiliano walisome dokezo kabla halijapanda juu. Madiwani nao waoneshwe namba za kata zao mapema. Waone, wasihariri. Diwani akikutana na namba ya kata yake kwa mara ya kwanza kwenye simu ya mpiga kura, jiandae kwa kikao kijacho cha Baraza.

Hatua ya 4: Safisha

Hapa ndipo muda wako utakapoishia, na hakuna wa kukupigia makofi. Anza na majina ya kata. Katika faili moja utakuta Sokon I, Sokoni 1 na Sokon One. Daraja Mbili na Daraja II. Unga Limited na Unga Ltd. Kwa kompyuta hizo ni kata tofauti. Tengeneza karatasi moja ya majina rasmi, na kila faili lipite hapo.

Kisha sheria chache zisizojadiliwa. Mstari mmoja, kikundi kimoja au kizimba kimoja. Seli zilizounganishwa zivunjwe, na mistari ya "JUMLA" katikati ya jedwali itolewe. Fedha ziandikwe 2500000, si "milioni 2.5". Tarehe ziwe 2024-04-03, maana 3/4/2024 Excel inaweza kuigeuza kuwa tarehe 4 Machi bila kukuuliza. Sifuri na pengo ni vitu viwili: sifuri ni kata isiyopata mkopo, pengo ni kata ambayo ripoti yake haijafika. Anayejaza kistari mahali pa vyote viwili mwelekeze kwa upole, maana ndiye utakayemhitaji robo ijayo.

Ukitaka kulinganisha na idadi ya watu, chukua ya Sensa ya 2022 kutoka NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu). Usikadirie yako.

Hatua ya 5: Linda watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Majina ya wanachama, simu na namba za NIDA zitoke. Kizimba kitajwe kwa namba, aina ya biashara na ada, bila jina la mama anayeuza. Lakini kufuta majina pekee hakutoshi. Kata ikiwa na kikundi kimoja tu cha watu wenye ulemavu, mtaa mzima utajua ni akina nani na wanadaiwa kiasi gani. Namba ndogo kama hizo zijumlishe kwa jiji zima.

Hatua ya 6: Toa

Ukurasa mmoja kwenye tovuti iliyopo ya halmashauri unatosha. Weka faili la CSV (jedwali la maandishi matupu ambalo programu yoyote ya majedwali hulifungua), maelezo ya kila safu kwa Kiswahili, na leseni ya CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kutumia akitaja chanzo, ili mwanafunzi au mwandishi wa habari asirudi kuomba ruhusa. Chapa muhtasari ubandikwe sokoni na ofisi za kata; wengi wanaohusika hawatafungua CSV.

Hatua ya 7: Waite wanaotumia

Badala ya hafla, kaa nusu siku na viongozi wa masoko, vikundi vya mikopo na vijana wanaotengeneza programu za kompyuta. Watakuambia kizimba fulani kilivunjwa zamani. Andika kila kosa, litaje kwenye ukurasa pamoja na tarehe ya kulirekebisha, na mwishoni mwa faili weka jina la cheo, si la mtu, atakayepokea masahihisho. Maafisa huhamishwa. Toleo linalofuata litoke baada ya robo kufungwa, hata kama kata mbili hazijaleta ripoti. Mistari yao iachwe wazi, watendaji wake watapiga simu wenyewe.