Waleti ya Bitcoin isiyoguza intaneti

Kama unanunua Bitcoin hapa Kisumu na unaiacha tu kwa soko la mtandaoni, jua funguo, yaani namba za siri za kutuma hiyo pesa, wanazo wenye soko. Ukitaka kuzishika mwenyewe, tafuta laptopu kuukuu, futa kila kitu, weka Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows), alafu hiyo mashine isiguze intaneti tena. Electrum, programu ya waleti ya Bitcoin, itoe electrum.org kwa mashine ingine, hakikisha saini yake ya kidijitali kujua ni ile halisi, ndio uihamishe na flashi.

Ukifungua waleti mpya itakupa maneno 12, na hapa ndio kazi yote iko: yaandike na kalamu, kwa mpangilio ule ule, nakala mbili, usipige picha, usijitumie WhatsApp, na tafadhali usiende kuyaprinti saiba juu mwenye ameyaona anaweza beba pesa yote. Nakala moja ikae kwako, ingine ushago, labda Siaya, ndani ya kitu cha kufuli, na uifunge plastiki kabisa maana mvua na mchwa wa huku humaliza karatasi.

Kabla utume Bitcoin yoyote huko, futa hiyo waleti uirudishe na yale maneno, anwani za kupokelea zikitoka zile zile uko sawa. Kwa simu weka funguo kuu ya umma (master public key, ile isiyoweza kutuma pesa) peke yake, utaona salio na kupokea, kutuma lazima laptopu iweke saini.