Bati likigongwa, moyo mbio

Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tulilala chini ya kitanda hapa Nakuru, mawe yakitua kwenye mabati. Hadi leo fundi akigonga bati, moyo unanienda mbio kabla sijajua ni fundi. Sio woga wa kitoto. Ubongo una king'ora chake. Kikilia, adrenalini, homoni ya hatari, humwagika damuni, misuli hukaza, tumbo husokota.

Usijiambie "tulia". Mimi haijanisaidia hata siku moja. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole hadi sita, kama unayepoza chai. Kazi iko kwenye kutoa: ukitoa pumzi, neva ya vagasi, inayotoka ubongoni hadi moyoni, hupunguza mapigo ya moyo. Ukisikia kizunguzungu, fupisha hesabu. Kisha taja kwa sauti unavyoviona: sufuria, leso, paka wa jirani (huyo hakosi).

Usiku mimi huwasha taa na kushika kikombe cha maji baridi.

Ndoto mbaya zikiendelea zaidi ya mwezi, au ukianza kukwepa watu, tafuta mshauri nasaha. Mimi nilichelewa miaka, nikidhani kusimulia ni kujianika. Kikao cha kwanza sikusema neno. Nililia tu, na yule mama akaniacha nilie.