Tuta la uvivu: kupanda birayi (viazi ulaya) bila kulima shamba nzima

Kama uko na kashamba kenye majani mingi na maji inasimama kila mvua ikinyesha, usianze kulima yote. Kule Ayalandi wazee wa zamani walikuwa na tuta wanaliita tuta la uvivu, tukalijaribu kwa shamba ya mama mkubwa huku Kibumba, karibu na Goma, uvivu wenyewe sikuuona, mgongo uliniuma siku tatu, lakini inafanya kazi, sababu chini ya tuta haugusi na jembe hata kidogo.

Fyeka majani, vuta kamba mbili, kati yake kama mita moja. Mwaga mbolea ya ng'ombe iliyooza muzuri juu ya majani yenyewe, wao wa pwani walikuwa wanaweka mwani wa bahari, sisi na ziwa yetu tutaupata wapi. Panga mbegu juu ya mbolea, sentimita 30 toka moja mpaka ingine. Kisha simama pembeni, kata udongo kipande kipande na majani yake, uukunje juu ya mbegu, majani iangalie chini, upande huu na upande ule. Mahali umetoa udongo inabaki mtaro, maji inapita mule na mbegu inakaa pakavu, na yale majani uliyofunika inaoza inakuwa mbolea. Birayi ikiota na kupanda kidogo, chota udongo wa mtaroni urudishie.

Ila kuna mambo yao usiige. Mitaro yao mara mingi ilishuka na mteremko, huku kwetu mvua itabeba shamba yote mpaka kwa jirani, wewe ikate mteremko, iiname kidogo tu. Tena wao walikata mbegu vipande, kila kipande na jicho lake. Huku kisu ndicho kinatembeza ugonjwa wa kunyauka, basi panda nzima, kimo cha yai. Ukiona mmea unanyauka na udongo iko na maji, kata shina, tumbukiza kwa glasi ya maji safi: uzi mweupe ukishuka kama maziwa, ng'oa, na usitoe mbegu hapo.

Mildiu nayo, ule ugonjwa wa kuozesha majani na birayi, si mchezo. Ilifika kwao 1845, na masikini wengi walikuwa wanategemea aina moja, Lumper, kwa miaka michache tu watu karibu milioni wakafa, na wengine zaidi ya milioni wakahama inchi. Ndiyo maana mama mkubwa anachanganya aina mbili za birayi, Kinigi ya kuuza, sababu soko inaipenda, na Cruza, sababu inavumilia mildiu, hata kama wateja wanakunja uso.

Kuvuna: kata majani ya juu, ngoja wiki mbili ganda ikomae. Mama mkubwa anafukua moja, anaisugua na kidole gumba, ganda ikitoka anasema "bado" anairudisha kwa udongo.