Kuweka maktaba za Python mahali intaneti inapokatika

Ukiwa Ujiji au Kibirizi unaandika programu ya kusoma bei za dagaa kutoka seva ya mbali, usimalize bando kwa kupakua maktaba ileile kila mara. Chukua mfano wa requests, maktaba ya kuomba data kutoka seva. Ipakue mara moja kwa pip, kisakinishi cha maktaba za Python, ukiwa mjini Kigoma penye mtandao imara:

pip download requests -d vifurushi

Folda ya vifurushi itapokea pia maktaba nyingine ambazo requests inazitegemea. Inakili kwenye flashi. Kwenye kompyuta isiyo na intaneti tengeneza mazingira ya mradi kwa python -m venv mazingira, yawashe, kisha:

pip install --no-index --find-links vifurushi requests

Ikigoma, angalia kwanza kama kompyuta zote mbili zina toleo moja la Python na mfumo mmoja. Baadhi ya vifurushi vya Windows havikubali kwenye Linux.

Sasa kuita kiolesura (API), yaani kuiomba seva data, na hapa ndipo wengi huumia. Requests haina ukomo wa kusubiri usipoupanga mwenyewe. Mtandao ukikatika, programu inaweza kuganda bila kutoa kosa lolote. Weka timeout=(5, 30) ndani ya requests.get(): sekunde 5 za kuunganisha, 30 za kusubiri data. Halafu ita raise_for_status() kwenye jibu ili itoe kosa, kwa sababu jibu la 404 (hakipatikani) au 500 (hitilafu ya seva) peke yake halisimamishi programu, nawe utahifadhi takataka ukidhani ni bei. Ukipata 429 umeuliza mara nyingi mno: soma kichwa cha Retry-After kwenye jibu la seva, kikiwepo, na usubiri kadiri kinavyosema.