Bata mzinga akishakujibu, nyamaza

Kwa mnaowinda bata mzinga wa mwituni huko Marekani majira ya kuchipua: dume akishajibu mlio wako wa kuiga jike, punguza kuita. Kwa desturi yao jike ndiye humfuata dume. Ukizidi kuita, yeye husimama palepale, akatandaza mkia na kukungoja. Ukinyamaza, hapo ndipo hushikwa na hamu ya kuja kuona jike amekwenda wapi. Ulipo anapajua tayari, maana masikio yake ni makali ajabu.

Mimi huanza alfajiri kwa sauti ya chini kabisa, dume akiwa bado juu ya mti alikolala, kisha nangoja. Badala ya kuita tena, chakura majani makavu kwa vidole, kama jike anayetafuta chakula. Akikaribia, tumia kifaa cha kuitia cha mdomoni. Kisanduku cha mbao cha kuitia kinataka mikono, na mkono unaosogea lazima atauona.

Na tafadhali sana: mlio wako huwavuta wawindaji wengine pia. Egemea mti mpana kuliko mabega yako, wala usivae nyekundu, nyeupe au buluu, rangi za kichwa cha dume. Ukiona mtu anakuja, paza sauti yako ya kawaida umwambie upo. Usimpungie mkono.