Jinsi ya kuweka pingamizi TRA pale fedha za maombi ya hisa zinapohesabiwa kuwa mapato yaliyofichwa

Kampuni binafsi nyingi za Dar es Salaam huongezewa mtaji na wanahisa wenyewe au na ndugu zao, fedha zikiingia benki leo na hisa zikigawiwa miezi kadhaa baadaye. Katika kipindi hicho fedha hukaa kwenye mizania zikiitwa fedha za maombi ya hisa, na mkaguzi wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ana haki ya kuuliza kama ni mtaji kweli au ni mauzo ambayo hayakupitishwa vitabuni. Asiporidhika, hukiongeza kiasi hicho kwenye mapato ya kampuni na kutoa hati ya makadirio kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 30, pamoja na riba.

Jambo la kwanza ni tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inampa mlipakodi siku 30 tangu alipokabidhiwa hati kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu kwa maandishi, likieleza sababu zake. Mazungumzo ya mdomo na ofisa wa mkoa wa kikodi, hata yakiwa ya maelewano, hayasimamishi siku hizo. Aliyechelewa kwa ugonjwa, kwa kuwa nje ya nchi au kwa sababu nyingine ya msingi anaweza kuomba aongezewe muda, lakini ombi hilo nalo litahitaji vielelezo.

Pili, pingamizi halipokelewi bila malipo. Kampuni hulipa kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kiasi chochote kilicho kikubwa zaidi. Tuseme shilingi milioni 300 za maombi ya hisa zimehesabiwa kuwa mapato: kodi yake ni milioni 90, na kama kampuni inaipinga yote, italipa milioni 30. Kampuni changa ambayo mtaji wake umeshaishia kwenye mashine na kodi ya pango inaweza kumwomba Kamishna Mkuu apunguze au asamehe malipo hayo kwa sababu za msingi, na ombi hilo liende mapema, si siku ya 29.

Kazi kubwa iko kwenye ushahidi. Nchini India, ambako migogoro ya namna hii imejaa mahakamani, kifungu cha 68 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1961 kilizoesha watu maswali matatu: aliyetoa fedha ni nani, alikuwa na uwezo wa kuzitoa, na je, muamala ni wa kweli? Hiyo si sheria yetu, lakini sijaona kipimo bora zaidi cha kupimia faili kabla halijatoka ofisini. Swali la kwanza hujibiwa na kitambulisho cha taifa na namba ya mlipakodi ya mwanahisa, au usajili wa kampuni iliyowekeza. La pili ndilo huangusha wengi, kwa kuwa haitoshi kuonyesha fedha zikiingia kwa kampuni. Onyesha pia zilikotoka, kwa taarifa ya benki ya mwanahisa mwenyewe, mkataba wa kuuza kiwanja, au ritani zake za kodi. La tatu hujibiwa na barua ya maombi ya hisa, azimio la wakurugenzi, rejista ya wanahisa na taarifa ya mgawo wa hisa iliyowasilishwa BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni.

Pitia taarifa ya benki ya kampuni mstari kwa mstari. Mstari unaosomeka kuwa fedha taslimu zimewekwa tawi la Kariakoo, bila jina la mwekaji, hauthibitishi mwanahisa yeyote. Iombe benki nakala ya hati ya kuwekea fedha, ambayo kwa kawaida huwa na jina na saini. Kama hisa bado hazijagawiwa, eleza sababu kwa uwazi. Usiandike leo azimio lenye tarehe ya mwaka juzi, maana kumbukumbu za BRELA zina tarehe zake, na karatasi moja ya kughushi itazitia doa hata zile za kweli.

Barua yenyewe iwe fupi: namba ya hati, mwaka wa mapato, kiasi kinachopingwa, hoja kwamba mtaji wa wanahisa si pato la biashara, kisha vielelezo vilivyopewa namba. Baki na nakala yenye uthibitisho wa kupokelewa.

Kamishna Mkuu akikusudia kukataa pingamizi lote au sehemu yake, huleta notisi yenye sababu, na kampuni hupewa siku 30 kujibu. Ijibu kila hoja. Uamuzi wa mwisho usiporidhisha, taarifa ya kusudio la kukata rufani hupelekwa Bodi ya Rufani za Kodi ndani ya siku 30 na rufani yenyewe ndani ya siku 45, zote zikihesabiwa tangu kukabidhiwa uamuzi. Huko mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yamekosewa humwangukia mlipakodi. Baada ya Bodi liko Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani, ambayo husikiliza hoja za kisheria tu. Hati ya benki iliyosahaulika kwenye pingamizi haitapata nafasi huko.